Mwenye Koleo

Kwanza nilimwangusha juu ya bati lililonyooka,
lile nililotaka kukatia mbabula ya Mama Kaozi,
nikasogeza tochi ya simu.
Numbi alisimama nyuma yangu, kiganja sikioni,
akauliza bila kusogea: "Ndiye?"

Sikujibu haraka. Mimi fundi wa mabati, si daktari,
na Katuba nzima ilikuwa imeshakata kesi:
huingia sikioni usiku, walisema,
hutoboa, hutaga, hula ubongo
hadi mtu asahau jina la mamaye.

Basi nikamtazama kama ninavyotazama kazi ya fundi mwenzangu,
nikitafuta mahali alipodanganya.

Urefu: kiungo kimoja cha kidole changu cha mwisho.
Bapa, kana kwamba amelaliwa na tofali tangu mvua ya kwanza,
na kweli chini ya tofali ndipo tulipomkuta.
Rangi si nyeusi wala si nyekundu,
ni shaba iliyoshikwashikwa na mikono mingi,
ila miguu imepauka
kama mawese yaliyoganda asubuhi ya Juni.
Miguu sita. Nilihesabu mara mbili kwa kuwa alikuwa anakimbia.
Vipapasio viwili, shanga ndogondogo katika uzi,
vinaonja bati, vinakataa, vinaonja tena.

Mende? Mende angekuwa mpana, amejifunika joho hadi nyuma.
Huyu amevaa koti la mtoto,
linaishia kifuani, tumbo lote nje,
pingili juu ya pingili,
linang'aa kama mkanda wa askari siku ya gwaride.
Nilipogusa kikoti kwa ncha ya waya
ukachungulia ukingo wa bawa
lililokunjwa, likakunjwa, likakunjwa tena
kama barua ya Kolwezi iliyopitia mifuko ya madereva watatu.
Kumbe anaweza kuruka.
Sijawahi kumwona akiruka.

Nge, basi? Nge hushika kwa mbele, huchoma kwa nyuma.
Huyu nyuma hana mwiba.
Ana koleo.

Hapo nikacheka, na Numbi akanikasirikia.
Lakini ni koleo! Ndugu wa hili langu la kushikia bati la moto,
taya mbili zinazokutana nchani,
tofauti ni kwamba la kwake limefungwa kiunoni
na hawezi kumwazima jirani.
Nikampa kidole. Akajipinda, akabana
jinsi kibarua wa siku ya kwanza anavyobana:
bidii tele, nguvu hakuna.

Jioni ile tuliinua matofali tisa.
Wengine koleo lao limepinda
kama mikono ya mtu aliyekumbatia pipa,
wengine limenyooka, vijiti viwili sambamba.
Tukabahatisha: hawa waume, hawa wake.
Mmoja alikuwa mweupe kabisa, macho tu meusi,
na ngozi yake ya zamani imelala kando
kama suruali ya mtu aliyeingia kuoga.

Chini ya tofali la kumi, mwenye koleo nyoofu hakukimbia.
Alikuwa juu ya mayai, meupe, madogo kuliko chenga za mchele,
na yale niliyoyatawanya kwa pupa yangu
akayafuata moja moja,
akayarudisha kwa mdomo.
Numbi alisahau sikio lake. Mkono ulishuka wenyewe.

Tofali lile nililihitaji kukandamizia turubai.
Turubai likapigapiga usiku kucha.

Jumatatu, muuguzi wa zahanati alichokoa
akatoa ushanga wa buluu,
wa nywele za Numbi mwenyewe, wa sikukuu iliyopita.
Tumeuweka kwenye kopo la nyanya. Bado analala na pamba sikioni.

Mama Kaozi alipokuja kuchukua mbabula
nilimwonyesha vyote: ushanga, kidole kisicho na kovu,
mdudu mwenyewe akitembea kwenye bati.
Aliinama, akamkagua kwa muda mrefu, kwa haki kabisa.
"Aa," akasema, akihesabu pesa zake,
"huyu siye. Yule wa masikio ni mwingine."